Ukaguzi wa nyumba si tusi kwa fundi

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tunawafunza watoto wetu tangu madarasa ya chini, na mimi mwenyewe nimeifafanua mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu mara zisizo na idadi. Hata hivyo, ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba imejengwa juu ya dhana moja ambayo siku hizi haipo: kwamba ufa huonekana. Mhenga aliyeitunga aliujua ukuta wa nyumba yake ndani na nje. Sisi tunaokaa katika nyumba za zege, chuma na plasta tunalala chini ya vitu ambavyo hatujaviona, vilivyofunikwa na watu tusiowajua, siku ambayo hatukuwapo.

Nayasema haya kwa sababu nami nimejenga. Kazi yangu ni isimu. Naweza kumweleza mtu jinsi sauti inavyobadilika kinywani, lakini siwezi kutofautisha zege imara na zege hafifu kwa kulitazama. Miaka mitatu iliyopita, kama walimu wengi wa rika langu, nilichukua mkopo katika chama cha akiba, nikanunua ploti ndogo huko Kitengela, kisha nikamwita fundi kutoka nyumbani kwetu Kakamega. Fundi huyo, ambaye nitamwita Mzee kwa heshima anayostahili, ndiye aliyemjengea marehemu baba yangu nyumba yake, nayo imesimama mpaka leo bila ufa. Mwenzangu mmoja kazini aliponiuliza ni nani angenikagulia ujenzi, nilimjibu kwa kiburi kidogo kwamba Mzee hahitaji kukaguliwa.

"Na wewe huenda mjengoni siku gani?" akaniuliza.

"Jumamosi," nikamwambia.

"Nao hujenga siku gani?"

"Jumatatu hadi Jumamosi."

Hakuongeza neno, na wala hapakuwa na haja ya kuongeza. Katika juma zima, nilikuwa nikiuona ujenzi wangu kwa muda wa saa mbili, na kila nilipofika nilikuta kilichofanywa katikati ya juma kimekwisha kufukiwa, kumwagiwa zege au kupigwa plasta. Nilichokuwa nikikagua ni rangi ya kazi, wala si kazi yenyewe.

Basi nikaanza kutafuta mkaguzi. Wa kwanza niliyempata alinisikiliza kwenye simu kwa dakika tano, akanieleza kwamba nimtumie michoro na pesa, naye angenitumia barua yenye sahihi na muhuri. Nilipomuuliza angefika lini mjengoni, alicheka kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Barua ya namna hiyo ni hatari kuliko kukosa barua kabisa, maana asiye na barua angalau huishi na wasiwasi wake, ilhali mwenye barua ya uongo hulala fofofo.

Wa pili ndiye niliyemchukua. Ni mhandisi wa majengo, mama wa makamo, asiyehusiana na Mzee wala na mwenye duka tulilonunua saruji, na ambaye hakuwa ameichora nyumba yangu. Nilihakikisha kwanza kwamba jina lake limo katika orodha ya Bodi ya Wahandisi ya Kenya, jambo ambalo raia yeyote anaweza kulifanya. Tukapatana kwamba angefika mara 6, kila mara kabla ya kitu fulani kufunikwa: mtaro wa msingi ukiwa wazi; vyuma vya msingi na vya nguzo vikiwa vimefungwa; vyuma vya sakafu ya juu, ile ambayo mafundi huiita slebu, kabla ya kumwagwa zege; mabomba ya maji na ya nyaya za umeme kabla ya plasta; mbao za paa kabla ya dari; na mwisho kabisa kabla hatujahamia. Kila ziara ingenigharimu shilingi 10,000, naye angelipwa siku hiyo hiyo, akisema kazi ni njema au akisema ibomolewe.

Ziara ya kwanza ilinipa funzo lake. Wanaoifahamu Kitengela wanaujua ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha huvimba na jua likiwaka husinyaa na kupasuka. Nyumba iliyokalishwa juu yake huinuliwa na kushushwa kila msimu mpaka kuta zinyufuke. Dawa yake kwa nyumba kama yangu ilikuwa kuuchimba na kuuondoa hadi kufikia tabaka gumu. Mtaro wetu ulikuwa umefika kwenye tabaka hilo pande tatu. Katika pembe ya nne, ambako kibarua alikuwa amechoka au jua lilikuwa limekuchwa, udongo mweusi ulikuwa bado upo. Mhandisi alishuka mtaroni, akauchoma kwa kipande cha chuma, nacho kikazama kama kisu katika ugali. Walichimba sentimita 30 zaidi na kazi ikaisha kwa nusu siku. Lau mawe ya msingi yangekuwa yamepangwa, pembe hiyo ingenisubiri kwa miaka, kisha inipelekee habari zake ukutani.

Ziara ya tatu ndiyo iliyotaka kutugombanisha. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Mashine ya kukorogea zege ilikuwa imekodiwa kwa ajili ya kesho yake, vibarua 20 walikuwa wameitwa, kokoto na mchanga vimerundikwa. Mhandisi alipanda ngazi akiwa na michoro na utepe wa kupimia. Michoro ilisema kwamba zile ringi, yaani pete za chuma zinazofunga vyuma virefu vya mihimili, zikae sentimita 20 baina ya moja na nyingine. Alipima, akakuta sentimita 35, na mahali pengine 40. Aidha, vyuma vya chini vilikuwa vimelala juu ya mbao zenyewe bila vile vijitofali vidogo vya saruji ambavyo mafundi huviita biskuti, ambavyo kazi yake ni kuviinua vyuma ili zege lipite chini yake na kuvifunika. Chuma kisichofunikwa vema hupata kutu, kutu huvimba, na ikivimba hulimenya zege kama ganda la ndizi. Nazo ringi zikiwa chache, mhimili huweza kupasuka mshazari karibu na nguzo, na mpasuko wa aina hiyo hautoi onyo la kutosha.

"Mzee wangu," mhandisi alisema kwa adabu, "kesho hatumwagi."

Mzee hakumjibu. Alinigeukia mimi. "Mwalimu, baba yako hakuwahi kuniletea mtu wa kunipima. Kumbe huniamini?"

Nilitafuta la kusema nikalikosa. Kisha akaongeza maneno ambayo yamebaki nami hadi leo: "Na hizo ringi, wewe ndiwe uliyesema tubane matumizi. Chuma kilikwisha Jumanne. Nilikupigia simu, ukasema pesa hazijaingia na slebu lazima imwagwe Jumamosi. Ningefanya nini?"

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeyasema hayo nikitoka darasani, nikiwa na rundo la karatasi za mtihani mkononi, bila kujua kwamba nilikuwa naamuru nyumba yangu ipunguziwe mifupa. Mzee hakuiba chuma hata kipande. Alijaribu kumtii mtu aliyemlipa. Hapo ndipo nilipofahamu maana kamili ya neno huru katika msemo mkaguzi huru. Nilikuwa nimedhani mkaguzi huyu anapaswa kuwa huru kutoka kwa fundi. Kumbe alipaswa kuwa huru kutoka kwangu pia: kutoka kwa haraka yangu, mfuko wangu, na ujinga wangu uliokuwa ukitoa amri. Katika kila mjengo wapo watu wawili wanaotamani kazi iende mbio na kwa bei ya chini, nao ni mjenzi na mwenye kujengewa. Anayehitajika ni wa tatu, asiyepata faida yoyote zege likimwagwa kesho.

Lugha yetu imelijua jambo hili kwa muda mrefu. Tunasema kinyozi hajinyoi, na mganga hajigangi. Tunasema mwamba ngoma huvutia kwake. Tunamcheka anayempelekea ngedere kesi ya nyani. Methali zote hizi zasema jambo moja, kwamba mtu hawezi kuwa mtenda na mpimaji wa tendo lile lile. Wala si bahati kwamba Kiswahili humwita mkaguzi yule anayepekua vitabu vya fedha na yule anayetazama majengo. Hatujawahi kusikia kwamba mweka hazina wa chama chetu ametukanwa kwa sababu hesabu zake zimekaguliwa mwisho wa mwaka. Iweje basi ukaguzi wa zege uwe tusi, ilhali hesabu ikikosewa hupotea fedha, na zege likikosewa hupotea watu?

Kuhusu swali la Mzee, nimelifikiria kwa njia ninayoijua, yaani kwa kuyatazama maneno. Kuamini, imani, amana na uaminifu ni ndugu wa mzizi mmoja uliotoka katika Kiarabu. Hakika, kuhakikisha na haki nayo yana mzizi wake mmoja. Ni familia mbili tofauti, na kila moja ina kazi yake. Ninaweza kumwamini mtu kwa moyo wote na bado nikahakikisha kazi yake, kwa kuwa imani humhusu mtu ilhali uhakika hukihusu kitu. Nilimwamini Mzee, na namwamini hadi sasa. Lakini mhimili hauna uaminifu. Una ringi za kutosha au hauna.

Wapo watakaosema kwamba huu ni ugeni, na kwamba babu zetu walijenga bila wakaguzi. Nawasihi wakumbuke vizuri. Nilipokuwa mtoto kijijini, nyumba ya udongo ilisimamishwa kwanza kama mifupa mitupu ya nguzo na fito, na mifupa hiyo ikakaa wazi mpaka ifike siku ya kukandika. Siku hiyo majirani walikuja kwa wingi, akina mama na mitungi ya maji, vijana na majembe. Kabla udongo haujarushwa, babu yangu na wazee wenzake walizunguka wakizishika nguzo na kuzitikisa moja baada ya nyingine. Nguzo iliyocheza ilichimbuliwa ikasimikwa upya mbele ya watu wote, na aliyeisimika hakununa, kwa sababu palikuwa ni kawaida. Wazee wale hawakuwa wamelipwa na mwenye nyumba, wala hawakuwa ndugu wa fundi wote. Huo ulikuwa ukaguzi huru, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Hata katika nyumba kongwe za mawe kule Lamu, boriti za mikoko zinazobeba dari huonekana waziwazi na kila aingiaye, na urefu wake ndio ulioamua upana wa chumba. Tuliupata ujenzi wa zege na chuma, ambao unaweza kubeba mengi zaidi na kuficha mengi zaidi, kisha tukaiacha ile siku ya wazee kutikisa nguzo. Yaani tulikiacha kinga wakati hasa tulipokihitaji.

Gharama ya kukiacha tunaifahamu. Mnamo Mei 1996 jumba la Sunbeam liliporomoka katikati ya jiji la Nairobi. Januari 2006 jengo lililokuwa likijengwa jijini humo liliwaangukia mafundi waliokuwa kazini. Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa sita huko Huruma liliwaangukia wapangaji, na watu wapatao 50 wakapoteza maisha. Baada ya msiba huo ilielezwa kwamba jengo lenyewe halikuwa na idhini ya kukaliwa na watu. Septemba 2019 darasa la shule huko Dagoretti liliporomoka asubuhi na kuwaua watoto 8. Kila mara tuliomba, tukazika, tukaunda kamati, kisha tukarejea kujenga jinsi tulivyokuwa tukijenga.

Haiwezi kusemwa kwamba nchi hii haina sheria. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, nayo husajili wanakandarasi na miradi. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 yataka mtu apate idhini ya serikali ya kaunti kabla ya kujenga. Kanuni za ujenzi tulizozitegemea kwa zaidi ya nusu karne, zilizotungwa mwaka 1968, zimetoa nafasi kwa Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika Machi 1, 2025. Karatasi tunazo. Kinachokosekana ni jicho kwenye mtaro siku ambayo mtaro uko wazi. Katika muda wote niliojenga, afisa mmoja wa ofisi ya umma, ambayo sitaitaja, alifika mara moja. Hakuvuka lango. Aliuliza kama kuna kitu cha kumtoa kiu, na alipokikosa akaondoka akisema atarudi, na bado namsubiri.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa taaluma yangu hawezi kulifumbia macho. Michoro niliyokabidhiwa ilikuwa na maelezo marefu pembeni, yote kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mzee anasoma tarakimu vizuri kuliko mimi, na mistari ya mchoro anaielewa kama kiganja chake. Lakini yale maelezo yaliyosema chuma kifunikwe kwa zege la unene gani, na nguzo za kushikilia mbao zisitolewe hadi siku ya ngapi, yalikuwa kwake kama maandishi ya ng'ambo. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ni haki gani kumlaumu mtu kwa kuvunja kanuni aliyoandikiwa kwa lugha asiyoisoma? Tulipoyaandika maelezo hayo upya kwa Kiswahili katika kurasa mbili na kuzibandika katika kibanda cha saruji, maswali ya Mzee yalibadilika siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo alikuwa akiuliza, "Tuendelee?" Sasa akaanza kuuliza, "Kwa nini hapa 20 na pale 15?"

Najua hoja ambayo msomaji ameishika mkononi muda huu wote: gharama. Tuihesabu basi. Nyumba yangu imekula takriban shilingi milioni 6. Ziara 6 za mhandisi zilinigharimu 60,000, yaani shilingi 1 katika kila 100. Niliongeza kidogo kwa ajili ya kupima zege katika maabara, ambako vipande vya mchemraba wa milimita 150, vilivyomwagwa kutokana na zege lile lile la slebu, huvunjwa kwa mashine kuona vinastahimili uzito gani, baadhi baada ya siku 7 na vingine baada ya siku 28. Kwa kuahirisha ile slebu nililipa mashine ya bure siku moja na nauli za vibarua, na moyo uliniuma. Kurekebisha ringi kulichukua siku mbili, na biskuti asubuhi moja. Kuirekebisha mihimili hiyo baada ya zege kukauka kungetaka kubomoa, na pengine nisingejua kamwe kwamba panahitaji kubomolewa.

Kwa yule ambaye hata hiyo shilingi 1 katika 100 ni mzigo, nasema apunguze ziara lakini asiziache zile mbili: mtaro wa msingi ukiwa wazi, na vyuma kabla ya zege. Na kwa mambo ambayo hayahitaji shahada, awe jicho lake mwenyewe. Auzuie mkono wa kibarua anayeongeza maji kwenye zege ili lilegee na kumwagika kwa urahisi, kwa kuwa maji yaliyozidi hukauka na kuacha vitundu visivyoonekana, na zege lenye vitundu ni dhaifu. Ahakikishe zege linanyweshwa maji kwa angalau juma moja. Apige picha kila kitu kabla hakijafunikwa, utepe wa kupimia ukionekana ndani ya picha.

Lakini yote niliyoyasema mpaka hapa yanamhusu mtu anayejenga nyumba atakayolala mwenyewe. Huyo hata akiwa bahili, ubahili wake una mpaka, maana slebu iko juu ya kichwa chake na cha wanawe. Je, yule anayejenga nyumba ya kupangisha? Slebu yake iko juu ya vichwa vya watu asiowajua majina. Wapangaji wa Huruma hawakuwa na nafasi ya kuchagua mkaguzi, kwa kuwa nguzo zilipofungwa vyuma wao hawakuwa wamefika. Mkaguzi anayeteuliwa na kulipwa na mwenye jengo, mkononi kwa mkono, atakuwa huru kadiri mwenye jengo anavyotaka. Kwa hivyo mkaguzi wa kibinafsi, pamoja na wema wake wote, hawezi kuchukua nafasi ya mkaguzi wa umma. Serikali haiwezi kutuambia kwamba kila mtu ajikagulie.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, katika kila jengo la kupangisha, ada ya ukaguzi ilipwe kwa kaunti wakati wa kuomba idhini ya kujenga, na mkaguzi apangwe kutoka katika orodha ya wahandisi waliosajiliwa bila mwenye jengo kumchagua. Fedha zisipite mkononi mwa anayekaguliwa. Pili, katika lango la mjengo, kando ya lile bango lenye majina ya mkandarasi na msanifu, pabandikwe ukurasa mmoja kwa Kiswahili wenye hatua zote za ukaguzi, tarehe ya kila hatua, na jina la aliyeikagua. Mpita njia akiona ghorofa ya tatu inapanda huku mstari wa msingi ukiwa mtupu, atajua la kuuliza na nani wa kuulizwa. Tatu, mpangaji asilipe amana kabla ya kuonyeshwa cheti kwamba jengo limeidhinishwa kukaliwa, na mwenye nyumba anayekataa kukionyesha achukuliwe kuwa amekwisha kujibu swali.

Yatasemwa kwamba mapendekezo haya yataongeza mlolongo wa karatasi na kuchelewesha makao ambayo watu wanayahitaji sana. Ni kweli kwamba watu wanahitaji makao, na kodi inapanda kila mwaka. Lakini sioni jinsi mtu anavyohifadhiwa na paa ambalo hana hakika nalo. Tena, ukaguzi ukipangwa vizuri hauchelewi. Slebu yangu ilichelewa siku tatu kwa sababu hatukuwa na mazoea, na kazi zilizofuata hazikuchelewa hata saa moja, kwa kuwa kila mmoja alijua mapema mhandisi anakuja lini na atatazama nini.

Sasa niseme yaliyotupata mimi na Mzee. Ile Ijumaa aliondoka bila kuniaga, na usiku kucha nilijiona mwana asiye na fadhila. Asubuhi nilimkuta amekwisha kufika, anakunja ringi mpya kwa chuma nilichotuma pesa usiku ule ule. Hatukuombana radhi kwa maneno. Alinipa tu koleo nishike upande mmoja, nami nikalishika vibaya, akacheka. Katika ziara ya nne ni yeye aliyempigia mhandisi simu kumwambia kwamba mabomba yako tayari na plasta inangoja. Katika ya tano alimpandisha mwenyewe hadi kwenye paa, akamwonyesha ubao mmoja ambao hakuupenda, kabla mhandisi hajauona.

Nyumba ilikwisha na tukahamia. Juma lililopita Mzee alinipigia simu kutoka mjengo mwingine, huko Ngong. Baada ya kuniuliza hali ya watoto na ya mama yao, akaniomba nambari ya yule mhandisi. Mwenye nyumba, alisema, ana haraka ya kumwaga slebu Jumapili, na hasikii la mtu.

Nilimtumia papo hapo.